Likizo ndefu Morogoro: mlima kwanza, Mikumi baadaye

Mitihani ya muhula wa pili ikiisha, stendi ya Msamvu inajaa mabegi. Wanafunzi wa SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wa Mzumbe, wa Jordan na wa Chuo Kikuu cha Waislamu wanakimbizana na mabasi ya kwao, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, wengine wanapanda bajaji kwenda Kihonda kuwahi treni ya Dar. Haipiti wiki, mageto yamepigwa kufuli, mama ntilie wa karibu na geti la chuo amepunguza mchele sufuriani, na mji umebaki na sisi wakazi pamoja na wale walioangukia fildi hapa hapa.

Wengi wanaoondoka wamekaa chini ya Uluguru miaka mitatu bila kuukanyaga. Mlima uko nyuma ya kila selfi waliyopiga, basi. Mimi nilisoma hapa, kazi nikapata hapa, ndoa nikafunga hapa, na kila ikikaribia Julai wadogo zangu wa chuoni wananijia na swali lile lile: "Dada, likizo hii twende wapi, na bumu lenyewe limekata?" Nawajibu wabaki. Hata siku kumi tu kabla ya kwenda kuwaona wazazi. Wakiuliza kuhusu Mikumi, nawaambia ngojeni kwanza. Mikumi haikimbii, na ndiyo yenye gharama kuliko yote. Mlima unaanzia pale lami inapokwisha, na nauli yake ni miguu.

Nianze na majira, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia kabla hazijaanza. Masika hukatika mwezi wa tano. Juni mpaka Agosti njia za mlimani zimekauka, asubuhi kuna baridi ya kutosha kukufanya utembee bila kushikwa kiu mapema, na usiku hata mjini unatafuta blanketi. Septemba bado si mbaya, ila moshi unaanza, maana ni wakati wa kuandaa mashamba na moto ndiyo jembe la wengi. Kufika Oktoba anga imekuwa ya kijivu na joto linakusubiri kona ya kwanza. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, nenda katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti.

Lakini Uluguru una pande mbili. Mashariki, kwenye Kinole na Matombo, upepo wa bahari unagonga mlima na kumwaga maji karibu mwaka mzima. Unaweza kuondoka mjini kuna vumbi ukafika Kinole ukakuta matope. Magharibi, upande wa Mgeta, mlima umeikinga mvua na kiangazi kinaeleweka. Dereva wa bodaboda wa mjini akikuambia "huko kukavu, dada, twende tu," muulize anazungumzia upande gani.

Morningside, au mtihani wa kwanza

Kwa asiyewahi kupanda chochote, naanzia Morningside. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911, imekaa kwenye bega la mlima katika mita kama 1,300 hivi, na mji wenyewe uko karibu mita 500. Hesabu hiyo inatosha kukuonyesha kwamba si matembezi ya jioni ya kupunga upepo, ingawa watu wanaenda wamevaa kandambili na kurudi wamezibeba mkononi.

Unapita maeneo ya Boma, unaacha lami, halafu unapanda. Kuna njia ya gari, mbovu, na kuna njia za mkato za wenyeji zinazoikata ile barabara kama sindano inavyopita kitambaa. Mkato unaokoa muda lakini unachoma mapaja, na mara ya kwanza nakushauri ukae barabarani. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Sababu si jua peke yake. Saa hizo utapishana na akina mama wanaoshuka sokoni, na hiyo ndiyo sehemu ya safari ninayoipenda kuliko nyumba yenyewe. Kikapu kichwani kimejaa figili, majani ya maboga, vitunguu vya majani vilivyofungwa mafungu na kamba za mgomba, mtoto mgongoni, na mwendo wao wa kuteremka ni wa haraka kuliko wako wa kutembea tambarare. Wanakunja vidole vya miguu kushika udongo. Wape njia. Aliyebeba mzigo kichwani hasimami ghafla, na wewe mwenye kibegi chenye soda mbili ndiye wa kusogea pembeni. Salamu ni lazima, shikamoo kwa wakubwa, na ukitaka kununua nunua pale pale kabla hajafika Soko Kuu la Chifu Kingalu, kwani huko bei inabadilika na yeye anapata kile kile.

Ukifika juu utaona kwa nini Wajerumani walipachagua. Mji wote uko chini yako: Msamvu, Kihonda, Bwawa la Mindu likiwaka jua, na barabara ya Iringa ikipotelea vilimani. Kaa, kula, shuka. Kuna watakaokushawishi kuunganisha mpaka Bondwa, kile kilele chenye minara ya mawasiliano. Kinapita mita 2,100 na kuanzia hapo umeingia msitu wa hifadhi, ambao una taratibu zake. Siku ya kwanza usikubali.

Kuhusu taratibu hizo, nazieleza mara moja kisha tuendelee. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Ofisi yao iko mjini. Unakwenda siku moja kabla, unalipia kibali, unapewa au unaelekezwa mtu wa kukuongoza. Vijana wengi wanaruka hatua hii kwa kuona ni hela ya bure. Nikiacha suala la sheria, yule muongozaji ndiye anayejua ni njia ipi imefungwa na mti ulioanguka na ni ipi ya wakata mbao isiyokwenda popote. Msituni njia mbili zinafanana mpaka ile isiyo yako inapoishia kwenye korongo.

Lupanga

Lupanga ndiyo kilele unachokiona ukisimama karibu popote mjini. Mita 2,138. Watu wa Moshi hunicheka nikikisifia, wanasema hicho ni kilima mbele ya Kilimanjaro, nami huwa nawapa hesabu. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza anatoka getini kwenye mita kama 1,900 na kulala Mandara kwenye mita 2,700 na ushee. Kapanda mita mia nane na kitu, kapikiwa uji, kalala. Wa Lupanga anapanda mita 1,600 kwa siku moja, na anazishuka zote siku hiyo hiyo. Hewa haikuishii, ni kweli, ila magoti yatakusimulia wiki nzima.

Nusu ya kwanza unapita mashambani, mahindi, mihogo na migomba, jua likiwa kamili mgongoni. Hapo ndipo watu wengi wanamaliza maji. Ukiingia msituni hali inageuka kabisa: ubaridi, kuvu kwenye mashina, mizizi iliyotokeza na kulowa ambayo raba iliyochakaa soli haiwezi kuishika. Sehemu za juu unatumia mikono, unashika mizizi na kujivuta. Kileleni kuna ukungu mara nyingi, na kuna siku utapanda yote hayo na usione hata paa moja la mji. Nawaambia mapema ili wasinune.

Pamoja na hayo, huo msitu ni hazina. Milima ya Tao la Mashariki imekaa imejitenga kwa muda mrefu mno, kila mmoja kama kisiwa, na viumbe wake wakageuka wa pale tu. Uluguru una ndege mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano ambaye haonekani mlima mwingine wowote duniani. Wazungu wanavuka bahari na darubini zao kumtafuta, na mara nyingi wanamsikia tu. Sisi tumelala hosteli chini yake. Muongozaji mzuri atakuonyesha pia zile violeti za Usambara, maua ya zambarau yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima, yakiwa yameota yenyewe kwenye mwamba wenye unyevu bila kumwagiliwa na mtu.

Vya kubeba, basi. Maji lita tatu kwa kila mtu, na msibebeshane, kila mmoja na zake. Mihogo ya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu. Chipsi zinachachukia begini. Sweta hata kama mjini kuna jua, kwa maana jasho likikukaukia kwenye ukungu wa juu utatetemeka. Tochi, hata ukiwa na uhakika wa kurudi mchana. Fimbo, ambayo wakati wa kupanda utaona ni mzigo na wakati wa kushuka hutamwazima mtu. Viatu, nenda mitumbani mapema, chagua vyenye meno chini na vinavyobana kifundo, kisha vivae mjini wiki nzima kabla ya kupanda. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Wadada, bebeni kanga. Inakuwa taulo, mkeka, kamba, pazia la kubadilishia nguo, na ukiingia kijijini inakustiri bila maswali. Simu izime ukiwa msituni, iwashe kileleni. Baridi na kutafuta mtandao vinakula chaji haraka.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, na muwekeane saa ya kugeuka. Mimi naweka saa saba mchana. Ikifika hiyo, hata kilele kikiwa kinaonekana, tunageuka. Makundi ya vijana yana tatizo moja, kila mtu anamwonea mwenzake aibu kusema amechoka, na wote wanajikuta saa kumi na mbili jioni bado wako kwenye mizizi. Mwenye saa awe mmoja, na aliye mwepesi kuliko wote atembee nyuma.

Maji ya vijito yanatamanisha. Juu kabisa ndani ya msitu ni safi, ila ukishafika mashambani kuna mtu amefua, kuna mbolea, kuna ng'ombe. Usinywe. Kuoga kwenye maji yanayokwenda kasi sawa, lakini madimbwi yaliyotulia huku chini yaachie kichocho chake. Na maji hayo hayo, kwa kukumbushia tu, ndiyo yanayokwenda kuwa Mto Ruvu na kufunguliwa bombani Dar es Salaam. Ukiwa na ndugu Sinza anayekucheka kwamba unaishi "shamba", muulize anaogea nini.

Mgeta ndiyo penyewe

Ningepewa siku mbili tu za likizo, zote ningezimalizia Mgeta.

Unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, na pale Sangasanga unakunja kushoto. Mlali mpaka Kipera bado ni joto. Halafu barabara inaanza kujizungusha mlimani, kona juu ya kona, na ukiwa umekaa dirishani upande wa bonde utaacha kuongea mwenyewe. Magari yanayokwenda huko ni yale magumu, yanapanda na watu yakishuka na kabichi, na mara nyingi watu na kabichi vinashuka pamoja. Wahi asubuhi, ulizia mapema gari la mwisho la kurudi ni saa ngapi, na usimwamini anayekuambia "yapo tu". Kama humo kwenye gari unaona dereva hajalala au mzigo umezidi, shuka, subiri lingine. Ile barabara haitaki mzaha.

Kule juu, Langali na Nyandira, unakutana na Tanzania nyingine. Baridi ya kweli, moshi wa jikoni unatoka kwenye mapaa asubuhi, watoto wamevaa makoti ya mitumba yanayofika magotini. Mlima wote umekatwa ngazi za mashamba kuanzia bondeni hadi juu, na kila ngazi ina kitu: karoti, njegere, viazi, kabichi, maharage. Plamsi na pichesi ziko pia, ila msimu wake ni mwisho wa mwaka, kwa hiyo Julai utaona miti tu. Mbuzi wa maziwa utawakuta mabandani. Asili yao ni Norway, na waliletwa miaka ya 1980 kwa mkono wa SUA. Omba uonje maziwa kwenye chai. Nyumba nyingi wanauza.

Zile ngazi zina historia ambayo hatufundishwi vizuri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana ya kuzuia mmomonyoko, kwa amri na faini, na mwaka 1955 upande wa Matombo watu wakachoka, vurugu zikatokea na mpango wote ukafa. Wakati huo huo, huku Mgeta, wakulima walikuwa na ngazi zao wenyewe walizojizoesha: unakata majani, unayalaza kwa mstari kufuata mlima, unayafunika na udongo wa mstari wa juu. Yakioza yanakuwa mbolea na udongo hauporomoki. Kaa na mzee mmoja akuonyeshe kwa jembe. Ni somo la uhifadhi wa udongo ambalo darasani lilikuwa slaidi tupu.

Kutoka Mgeta unaweza kwenda Bunduki na kuyaona maporomoko ya Hululu. Maji yanaanguka kutoka juu sana, yanapasuka mwambani, na ukisimama chini unalowa bila kuyagusa. Kuna teremko kali la kufikia chini, chukua kijana wa kijijini na mpatane bei kabla hamjaondoka, mbele ya mtu mzima. Kupatana baadaye ndiko kunakoleta maneno.

Adabu za kijijini zina uzito kuliko ramani yoyote. Mkifika kundi la watu zaidi ya watatu, piteni kwa mtendaji au mwenyekiti mjitambulishe, andikeni majina kwenye kitabu chao. Usikate njia katikati ya shamba la mtu. Usichune. Usimpige picha bibi aliyeinama analima, mwombe kwanza, na akikataa mshukuru. Kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, hivyo mwenye neno la mwisho juu ya pale unapotaka kupiga hema anaweza kuwa huyo bibi unayemwona amekaa kimya pembeni huku wajomba wakiongea kwa sauti. Beba sukari kilo moja au sabuni ya mche, zinafungua milango.

Bibi mmoja wa Nyandira, ambaye siku hizi kila nikipanda lazima nipite kwake, alinizuia jioni moja nikiwa tayari nimevaa begi.

"We mwanangu, unashuka saa hizi?"

"Ndiyo bibi, nawahi gari la Mlali."

"Gari gani? Lililopita saa tisa ndilo hilo. Vua hilo begi. Ugali haujasongwa."

Nikalala kwake. Tulikula ugali na maharage yaliyoungwa kwa maziwa ya mbuzi, tukaota moto jikoni, akaniuliza mambo ya mjini kama mtu anayeulizia nchi ya nje, na bei ya karoti sokoni aliijua kunizidi. Asubuhi hakutaka hela. Nilimwachia ile sukari, naye akanipakia viazi ambavyo vilinichosha mgongo mpaka Sangasanga. Lakini usipange safari ukitegemea ukarimu wa mtu. Gesti za kawaida zipo, piga simu kabla, na beba shuka lako na soksi mbili za kulalia.

Siku za kupumzisha magoti

Baada ya Lupanga hutaki kusikia neno kupanda. Nenda Mazimbu, ambapo leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA. Serikali iliwapa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, shamba la zamani la mkonge mwaka 1977, wakajenga shule, nyumba, hospitali na karakana kwa ajili ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Shule ilipewa jina la Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22, umri wa mwaka wa tatu chuoni. Mwaka 1992 walirudisha eneo kwa Tanzania na kwenda kwao. Makaburi yao yapo, yametunzwa. Kuna wanaosoma pale miaka yote na wanachojua ni foleni ya daladala tu.

Kinole ni safari ya siku moja kwa wapenda viungo: mdalasini, pilipili manga, karafuu, na kivuli kizito cha migomba na minazi. Ndiko nyumbani kwa machifu wa ukoo wa Kingalu, wale ambao soko kuu limechukua jina lao. Matope nimeshayataja.

Na kama uko mjini wiki ya kwanza ya Agosti, usiikose Nane Nane kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere kule Tungi. Nenda siku za kazi, asubuhi, kabla ya umati wa tarehe 8. Mabanda ya vyuo na taasisi za utafiti ndiyo ya kuanza nayo, huko wataalamu bado wana nguvu za kujibu maswali. Jioni ni muziki na nyama choma, na mifuko yako ishike.

Sasa Mikumi, na mbele yake

Mikumi tangu 1964 ni hifadhi, kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Iringa inaikata kwa karibu kilomita 50. Ndiyo maana wengi wanasema wameiona: wamepita na basi, wameona swala na twiga mmoja, wamehesabu. Na wanaoingia kweli wanafanya hivi: wanachanga, wanakodi kosta, wanaondoka saa mbili baada ya kusubiriana, wanaingia getini saa tano, spika inapiga, na mchana wa jua kali simba yuko kichakani amelala. Wanarudi wamepiga picha za nyani.

Ukichanga hela ile ile, fanya tofauti. Ondokeni siku ya kwanza jioni, mlale Mikumi mjini kwenye gesti za bei ya kawaida, muwe getini linapofunguliwa asubuhi. Watu sita au saba kwenye Noah au gari la kukodi lenye dereva anayeijua Mikumi ni bora kuliko thelathini kwenye kosta, kwa kuwa gari dogo linasimama mnapotaka na wote mna dirisha. Agosti na Septemba maji yamepungua, wanyama wanajikusanya kwenye mabwawa, na pale kwenye bwawa la viboko ukizima gari na kukaa kimya nusu saa utaona zaidi ya aliyezunguka hifadhi nzima. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno ukilinganisha na cha mgeni, ila beba kitambulisho, na ulizia utaratibu wa malipo kabla maana mambo ya fedha taslimu getini usiyategemee. Na mkiwa barabara kuu, msirushie nyani maganda. Wamezoea, wanasogea barabarani, wanagongwa.

Halafu kuna Udzungwa, na hapa ndipo ninaposhangaa watu wanavyogeuzia gari Mikumi. Pale Mikumi mjini barabara inakunja kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Unavuka Ruaha Mkuu, unapita mashamba ya miwa ya Kilombero, na mkono wa kulia ukuta wa msitu unasimama wima. Ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na ndani yake hakuna barabara za gari. Unatembea. Maporomoko ya Sanje yanaanguka mita 170 kwa hatua, na njia ya kuyafikia inachukua nusu siku ukienda kwa raha, na faida ya kujifunza kupanda Uluguru unaiona hapa, kwa sababu aliyezoea Lupanga anaiona Sanje nyepesi. Juu kuna madimbwi ya kuogelea, maji ya baridi ya kukata pumzi. Askari wa hifadhi anakuongoza. Mwambie mapema mnataka kumwona kima wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumtambua mpaka mwaka 1979 ingawa wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, na tembeeni bila kelele.

Mabasi ya Ifakara yanapita Msamvu asubuhi. Kata tiketi ya kushukia Mang'ula, makao makuu ya hifadhi yapo hapo hapo, kalia upande wa kulia, na usimwachie kondakta chenji kwa ahadi ya "tutaonana mbele".